Kumbeba Kogo kwa Simu hadi Longisa

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ana maswali mawili. La kwanza, nilipotelea wapi hata meseji zenu zikabaki na tiki moja. La pili, kwa nini simu yangu inanuka maziwa. Jibu ni moja. Nimelieleza kwa kinyozi, kwenye kibanda cha chai na nje ya kanisa, na kila mara mtu ananikatiza kabla sijafika kwa punda. Kwa hiyo nimeliandika. Mkitaka kunikatiza, katizeni karatasi.

Kwa wasionijua, mimi ni Ouma. Nilizaliwa kwenye nyumba za kampuni ya chai nje ya Kericho, ambako baba yangu, mtu wa kutoka ziwani, alikuwa fundi wa mashine za kukaushia majani. Mimi na shule tuliachana mapema, kila mmoja akiwa amemchoka mwenzake. Nimefanya kazi zote zisizouliza cheti, na niliyodumu nayo kuliko zote ni kuuza laini za simu chini ya mwavuli, pamoja na rafiki yangu Kiprono.

Kiprono anataka kumwoa Chepkoech wa Longisa. Watu wake walipokwenda koito, yaani kikao cha posa, mara ya kwanza, msemaji alikuwa baba yake mkubwa, Arap Maritim, mzee anayependa sana kusikia sauti yake mwenyewe. Wenyeji wakamuuliza ukoo. Badala ya kujibu kwa ufupi, alitoa kifua mbele akasema marehemu baba yake alitoka Bomet, kwenye ukoo mkubwa wenye ng'ombe wasiohesabika, akautaja kwa jina. Wenyeji wakatazamana. Ulikuwa ukoo wao.

Kwa Wakipsigis, watu wa ukoo mmoja ni ndugu hata kama hawajawahi kuonana, na ndugu hawaoani. Mzee Arap Sang, baba yake Chepkoech, aliwaambia waende nyumbani. Aliacha upenyo mmoja tu. Kama kuna mtu anayejua vinginevyo, ni mama mzazi wa Arap Maritim, maana ndiye aliyeolewa na huyo marehemu. Aje aketi aseme mwenyewe. Wakija bila yeye, wasije tena.

Mama huyo ndiye Kogo. Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis, na huyu hata chifu humwita hivyo. Tatizo ni kwamba alianguka kwenye shamba lake la chai akaumia nyonga, na daktari alikataza asitikiswe kwenye gari. Arap Sang, alipoombwa sana, alikubali aketi kwa simu ya video. Kogo naye alikubali, kwa sharti.

"Mtu wa koito anatoka kwa lango na wenzake," alisema. "Anaona njia. Mtu anatokea tu katikati ya boma ya wenyewe bila kupita barabara, huyo ni mchawi ama ni mwizi. Mimi ni gani hapo?"

Maana yake ni kwamba alitaka kuwa hewani safari nzima, kutoka lango la Kiptere mpaka lango la Longisa. Kiprono alinunua bando ya kutosha kutazama mpira mpaka Krismasi, akanitafuta mimi.

Kiptere: nani anakaa mbele

Upande wa Kogo, mshika simu alikuwa jirani yake, Mama Sharon. Alimwegemeza Kogo kwenye mito, akamfunga leso mpya. Mimi nilisimama langoni na simu yangu.

"Kogo, unaona?"

"Naona miguu yako. Inua."

Nikainua.

"Sasa naona gari. Nani amekaa mbele?"

Arap Maritim alikuwa ameshafunga mkanda kwenye kiti cha mbele. "Ni mimi, Mama."

"Kwani wewe ndiye ulinizaa?"

Mzee alishuka akahamia nyuma, katikati ya blanketi na sukari za zawadi. Kiti cha mbele akakikalia Kogo, yaani mimi. Kiprono ndiye aliyeshika usukani. Kwa desturi yao mwenye kuoa haingii kwenye kikao, kwa hiyo kazi yake siku hiyo ilikuwa kuendesha, kisha kukaa ndani ya gari kama gurudumu la akiba.

"Kiprono," Arap Maritim alinung'unika, "Kericho nzima ulikosa Mkipsigis wa kushika simu? Umetuletea mtu wa samaki."

"Baba mkubwa, si tulikujaribu wewe? Ulituonyesha sikio."

"Lilikuwa sikio safi," Kogo alisema kutoka mkononi mwangu. "Twende."

Daraja: Kogo aachwa njiani

Tulipita njia ya ndani kuelekea Roret. Chai imejaa pande zote, imekatwa juu sawasawa kama nywele za polisi mpya, na Kogo alikuwa na maoni kuhusu kila shamba. Shamba moja lilikuwa limeingiwa na magugu. Akataka tusimame tumwambie mwenyewe. Nilidhani anatania. Kiprono, anayemjua, alisimama. Ikabidi nimwite mwanamke aliyekuwa akichuma, nikamwambia shamba lake ni chafu.

"Nani amesema?" aliuliza, kikapu mgongoni, uso wa kuchinja.

Nikamgeuzia simu. Alipomwona mzee wa leso, alianza "Chamgei!" na Kogo akaitikia, wakasalimiana mpaka ng'ombe. Tulipoondoka, mwanamke alikuwa anang'oa magugu.

Kisha barabara ikashuka bondeni. Darajani picha ikaganda, ikafa. Tulipopanda ng'ambo, simu ikarudi.

"Mmeniacha," Kogo alisema.

"Ni network tu, Kogo, imepotea kidogo. Sasa tuko pamoja."

"Hatuko pamoja. Nyinyi mko huko juu. Mimi mmeniacha kwa daraja, peke yangu, maji inapita. Rudini mnichukue."

"Mama!" Arap Maritim alisema kutoka kwenye sukari. "Wewe uko kitandani!"

"Haya. Kama niko kitanda, pelekeni kitanda Longisa ikaseme."

Kiprono alipunguza mwendo. Aligeuza gari. Tukarudi mpaka darajani, ambako, bila shaka, hakukuwa na network, kwa hiyo Kogo hakuwepo. Tukapanda tena.

"Sikuwaona," alisema. "Mlienda daraja gani?"

Tulishuka tena. Tulipanda tena. Wavulana wa bodaboda waliokuwa wakiosha pikipiki mtoni waliacha kazi, wakawa wanatupungia mkono kila tukipita, kama gari la kampeni. Arap Maritim alishaanza kuomba kwa sauti, na si kwamba ni mtu wa maombi. Ndipo nikamuuliza Kogo swali ambalo lilikuwa la udadisi tu, maana mimi kuuliza siachi hata gari likiungua.

"Kogo, ulipoletwa Kiptere kama bibi harusi, ulivuka mto?"

"Nilivuka."

"Uliona maji?"

Akacheka kicheko cha kikohozi. "Nilikuwa nimefunikwa kichwa. Bibi haoni mto."

Tukaelewana. Tukikaribia mahali network inapokufa, niseme mapema, "Kogo, mto!" Yeye ajifunike leso, na mimi nifunike simu yangu kwa kofia, kwa heshima. Tukitoka ng'ambo, tunafunuana. Lakini ikikatika bila kuambiwa, hiyo ni kuachwa, na tutarudi.

Roret: mtu wa mlingoti

Kuanzia hapo kazi yangu ilikuwa kujua network itafia wapi kabla haijafa. Njia ya Kericho mjini naijua. Ya Roret siijui. Kwa hiyo tulipofika sokoni nilishuka, simu imeinuliwa mbele yangu, nikamuuliza mwanamke wa parachichi, "Mama, kutoka hapa kwenda Litein, network inapotea wapi?"

Aliniangalia kuanzia viatu. "Wewe ndiye wa mlingoti?"

Kabla sijajibu, mwanamume wa gambuti, mabuti ya mpira, aliyekuwa anachagua parachichi alizirudisha zote. "Kwangu! Kwangu network hakuna kabisa. Na shamba iko juu, kilima safi, hata title iko."

"Mwongo huyu," akasema mwingine. "Jana alikuwa anaongea na simu akiwa kwa choo, tulimsikia wote. Kuja kwangu. Kwangu hata redio haishiki."

Watu walikuwa wanajaa. Walishaamua mimi ni mtu wa kampuni ya simu niliyekuja kutafuta mahali pa kusimamisha mlingoti, na kila mtu alijua mlingoti ukikaa shambani kwako unakulipa kuliko chai na bila kupaliliwa. Nilisema mimi nambeba tu nyanya ya watu kumpeleka posa. Walicheka sana. Mtu wa mlingoti lazima aseme hivyo, ili bei isipande.

"Sasa yule mama ndani ya simu ni nani?" aliuliza mwanamke wa parachichi.

"Ni mkubwa wake wa ofisi," alisema wa gambuti, akamsalimia Kogo kwa kuinama.

Kogo akamwitikia kama mkubwa wa ofisi.

Niliondoka na parachichi za bure, ndizi za bure na habari moja waliyokubaliana wote: kutoka hapo mpaka Litein, hakuna network hata ya dawa. Nikarudi garini. "Kogo, mto! Tena ni mrefu." Akajifunika. Nami nikafunika.

Tulipotulia barabarani, Arap Maritim aliinama mbele, akanigusa bega. Sauti yake ilikuwa tamu ghafla, sauti ya mtu anayekuuzia ng'ombe mgonjwa.

"Ouma, kijana yangu. Hiyo simu ina mahali ya kubonyeza ikatike?"

"Iko, Mzee."

"Basi sikiza. Mama ni mzee. Tukifika huko ataanza hadithi za zamani. Ukimsikia ametaja njaa, njaa ile ya zamani, wewe bonyeza. Sema ni network. Mimi nitamalizia."

Kiprono alimtazama kwenye kioo. "Umalizie nini, baba mkubwa? Wewe ndiye ulisema ukoo tukafukuzwa. Mimi nataka Kogo aseme."

"Wewe endesha. Kuna mambo ya familia haisemwi mbele ya watu. Chepkoech utampata, mimi nitapanga maneno."

"Njaa gani hiyo?" niliuliza, maana mnanijua.

"Njaa ni njaa," alisema, akaegemea nyuma.

Sikujibu ndiyo wala hapana. Nilikuwa nafikiria, na ninapofikiria mikono yangu haitulii, nikainua kofia kidogo kutazama simu. Network ilikuwa imejaa. Watu wote wa Roret walikuwa wamenidanganya ili wapate mlingoti. Simu haikuwa imekatika hata nukta moja, na kwenye kioo cha simu, chini ya leso, kichwa cha Kogo kilikuwa kimetulia kabisa, kama cha mtu anayesikiliza mahubiri.

Nilirudisha kofia taratibu. Litein nikafunua.

"Kogo, tumevuka."

Akashusha leso. "Hiyo mto ilikuwa mrefu," alisema. "Na ina kelele."

Kapkatet: chai ya mtu wa nne

Kapkatet tulishuka kula. Kogo alitaka naye aagiziwe chai, kwa sababu wageni wa safari moja hawanywi mmoja akitazama. Mhudumu aliuliza kikombe cha nne ni cha nani. Nikaegemeza simu kwenye bakuli la sukari nikamwonyesha. Bila kushangaa aliuliza, "Yake niweke majani mengi ama kidogo?" Hiyo ndiyo nchi ya chai. Kogo alisema mengi.

Mimi niliagiza samaki wa kukaanga na ugali. Ilipofika sahani, Arap Maritim alihamisha kiti chake mpaka karibu na sinki.

"Harufu," alieleza hoteli nzima. "Sisi watu wa ng'ombe hatuwezi hii kitu. Watoto wa ziwa wanakula hata macho."

"Macho ndiyo tamu, Mzee."

"Ouma," Kogo aliita. "Geuza hiyo sahani nione kichwa."

Nikamsogezea. Alimtazama yule samaki kwa muda, hakutazama hivyo hata chai ya mtu. "Mwenye kujua anaanza na shavu," alisema. Kisha akamwambia mwanawe, "Na wewe kunywa chai yangu, isipoe. Utakuwa na maneno mengi ya kumalizia."

Arap Maritim alikunywa. Nilimwona akinitazama juu ya kikombe, akijiuliza. Mimi nilikuwa na shughuli za mifupa.

Kaplong hadi Bomet: punda

Sasa tumefika kwa punda.

Baada ya Kaplong barabara ni nzuri, na mimi, tumbo limejaa, nilisinzia. Simu ikateleza mpaka miguuni, laini ikahama yenyewe, Kogo akakatika bila kuambiwa mto. Tulipompata tena tulikuwa tunaingia Bomet mjini.

"Mmeniacha kwa punda," alisema.

"Punda gani, Kogo?"

"Punda ya mitungi ya maji. Mweusi, sikio moja imekatwa. Hapo ndipo niliona mara ya mwisho."

Saa zilikuwa zinakwenda na wenyeji walikuwa wanatungoja, lakini hakuna aliyebishana. Tulirudi. Shida ya punda ni kwamba si daraja. Mahali Kiprono alipokumbuka kumwona palikuwa na mavi tu. Tukauliza mama wa mahindi ya kuchoma, akatuambia mwenye punda ameshachota na ameelekea upande wa ndani. Tukaingia upande wa ndani, gari linakwaruza chini, mpaka tukamkuta mwenye punda anasukuma mtungi.

"Punda wangu ana makosa gani?" aliuliza, akitazama gari, mzee wa koti na tai, na mtu aliyenyoosha simu.

"Hana kosa," nilisema. "Kuna mama anataka kumwona."

Nikamwonyesha Kogo lile sikio lililokatwa.

"Ndiye," Kogo alisema. "Asante, punda. Twende."

Arap Maritim alikuwa amefunika uso kwa mikono yote miwili. Yule mwenye punda alisimama katikati ya njia akitutazama mpaka tulipopotea. Najua ninyi mtasema nimeongeza chumvi. Nendeni mkamuulize punda.

Longisa: katikati ya neno

Boma la Arap Sang liko mbele ya hospitali kidogo, upande wa juu. Huko chai imeisha, ni mahindi na ng'ombe wa maziwa, na jua lilikuwa kali. Kiprono aliachwa kwenye gari nje. Mimi niliingia nikiwa nimemtanguliza Kogo kwa mikono miwili.

Arap Sang ni mrefu, mwembamba, ana fimbo na hana haraka. Aliuliza kwa nini tumechelewa. Arap Maritim alianza kusema msongamano wa magari. Kogo akamkatiza: "Waliniacha mara mbili. Daraja, na kwa punda. Lakini walirudi kunichukua." Akaeleza yote, na wazee wa pale wakacheka mpaka fimbo zikaanguka. Arap Sang hakucheka. Alitazama simu kwa heshima, akaamuru kiti kiletwe, si meza. Nikaweka simu kwenye kiti, juu ya mto wa kitambaa, nikakaa chini kando yake. Kule jikoni nilimwona Chepkoech amesimama mlangoni, mkono mdomoni.

Walizunguka na maneno ya adabu, ng'ombe, mvua, afya. Kisha Arap Sang akageukia kiti.

"Mama. Mtoto wako alituambia baba yake ni wa ukoo wetu. Kama ni hivyo, vijana hawa ni ndugu, na tutakula tu, tuagane. Wewe ndiye ulikaa na huyo mzee. Alitoka wapi?"

Arap Maritim alinitazama. Kidole chake kilikuwa kinabonyeza goti lake, polepole, ili nione.

"Mzee wangu," Kogo alianza, "alikuja Kiptere wakati wa njaa…"

Picha ikaganda.

Naapa sikugusa. Mikono yangu ilikuwa kwenye magoti na wazee wote waliiona. Lakini Arap Maritim alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia, akanipa tabasamu la shukrani mbele ya boma zima. Nilitaka ardhi ya Longisa ipasuke. Kwa sababu nilijua Kogo, huko aliko, alikuwa na hakika kabisa ni nani amebonyeza.

Nilitazama saa nikaelewa. Wote tunaoishi upande wa chai tunajua: mchana ukipinda, mvua inashuka Kericho yote, stima inapotea, na mlingoti nao hauchelewi kufuata. Longisa tulikuwa tunaota jua. Kiptere kulikuwa kunanyesha.

"Basi," Arap Maritim alisimama, akanyoosha koti. "Network, mnajua. Mama ni mzee, amechoka. Alichotaka kusema ni hivi…"

"Keti," Arap Sang alisema.

"Mimi ni msemaji wa…"

"Keti. Mama amekaa kwa kiti yangu. Yuko katikati ya neno. Wewe mama yako alikuambia nini juu ya kumwacha njiani?"

Mzee aliketi.

"Tunamngoja," Arap Sang alisema. Na kwa kuwa mgeni hajamaliza kusema, hakuna aliyeruhusiwa kula wala kuondoka. Nyama ilikuwa imeiva, tuliisikia harufu. Kimyet, ndio ugali wao, ilikuwa inakauka kwenye sufuria. Tukakaa, boma zima, tukimtazama mwanamke mmoja aliyeganda mdomo wazi. Kuku walipita. Nilikwenda langoni kumweleza Kiprono, nikamkuta ameweka paji la uso kwenye usukani.

"Ouma, niambie ukweli. Ulibonyeza?"

"Sikubonyeza."

"Asiporudi hewani, nimemkosa Chepkoech."

"Atarudi," nilisema, bila kujua chochote.

Niliporudi, simu ililia.

Kulikuwa na kelele kama mawe yanamwagwa. Kisha nikaelewa ni mvua juu ya mabati. Kogo alikuwa amelala kwenye meza ndefu ya mbao, godoro na yote, leso inadondosha maji, amezungukwa na wachuma chai wenye aproni za plastiki. Mama Sharon alipiga kelele kwamba network ya nyumbani ilikufa, Kogo akasema ameachwa, na kama hawarudi kumchukua atawafuata mwenyewe. Kwa hiyo wachuma chai walibeba godoro lake mabegani kwenye mvua, wakapanda naye mpaka kibanda cha kununulia chai juu ya kilima, ambako mlingoti wa Sondu unashika. Wakamweka kwenye meza ya kukagulia majani.

"Mko wote?" Kogo alipaza sauti.

"Tuko wote, Mama," Arap Sang alijibu. "Hakuna aliyeondoka."

"Ouma! Wewe ulinikata?"

"Hapana, Kogo. Ni mvua."

"Najua. Ungenikata, ungeanza kwa kutaja mto." Akafuta uso. "Nilikuwa nasema. Alikuja Kiptere wakati wa njaa, mtoto mdogo. Mama yake alikuwa anauza samaki kavu soko ya Sondu. Njaa ikawa mbaya, akamwacha kwa watu wetu ili asife, na hakurudi tena. Hao watu walimlea, wakamtahiri, wakampa ukoo wao, ukoo wa nyuki. Wakamwita Kimaritim. Mbele ya hiyo alikuwa anaitwa Onyango, jina ya watu wa ziwa. Bomet hakuwahi fika hata siku moja. Mimi ndiye nimefika, leo."

Mvua ndiyo iliyomlazimisha apige kelele hivyo, kwa hiyo hakuna aliyekosa kusikia, hata majirani kule ng'ambo ya mahindi.

Arap Maritim alikuwa anatazama viatu vyake. Arap Sang alimgeukia bila haraka yoyote.

"Kwa hivyo ulitaka kuwa ndugu yangu kwa nguvu," alisema, "na karibu utuharibie kuwa shemeji."

Sasa ndipo alipocheka. Boma zima lilicheka, na jikoni mtu alipiga kigelegele ambacho nadhani kilikuwa cha Chepkoech mwenyewe, jambo lisiloruhusiwa. Mimi sikucheka mara moja. Nilimtazama mtu wa ng'ombe, naye akanitazama.

Kogo alitaka kubariki. Kwao mzee akibariki hutema, maziwa au mate kidogo, kwa anayebarikiwa. Mama Sharon alikuwa na kibuyu cha mursik, maziwa ya kuchacha, alichobeba mvuani akijua hali. Kogo alipiga funda, akaikabili simu yake, akanyunyiza. Kioo changu kikageuka cheupe. Kisha giza.

Na baraka haiachwi bila kujibiwa. Kabla sijainua mkono, Arap Sang alikuwa ameshapiga funda lake, akainama juu ya kiti, akaibariki simu yangu kwa pumzi zote za mtu mrefu.

Iliwaka kidogo. Ikasema *tii*. Ikafa.

Kurudi: kiti kitupu mbele

Hiyo ndiyo tiki moja yenu.

Tulikula mpaka mikanda ikalegea. Njiani, kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Mimi nilikaa nyuma, na Arap Maritim hakukikalia, alikaa nyuma pia, pembeni yangu. Kapkatet alimwambia Kiprono asimame. Aliingia hotelini akatoka na samaki amefungwa kwenye gazeti. Akafungua gizani, akamtazama.

"Ouma," alisema. "Shavu iko wapi?"

Nikamwonyesha. Alikula kwa uangalifu, kama mtu anayesoma barua. Alipofika kwenye macho aliniuliza kwa ukali kama nilikuwa nikidanganya kuhusu utamu. Nikamwambia ajaribu. Hakubakiza kitu.

Asubuhi tulikwenda kumsalimia Kogo. Alikuwa amerudishwa kitandani, mkavu, amepakwa mafuta. Arap Maritim alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Chamgei, Mama. Tumerudi."

Kogo alitazama dirishani.

"Mama, tumerudi."

"Nyinyi mmerudi," alisema. "Mimi simu ilikatika nikiwa huko, na hakuna mtu alinichukua. Niko Longisa, kwa kiti ya Arap Sang. Wamenipa chakula. Sina shida."

"Sasa turudi tukuchukue?" Kiprono aliuliza.

"Msijisumbue," Kogo alisema, akavuta leso akajifunika kichwa. "Nitakuja na bibi."